Mwenye Mali Apige Kwanza

Nani alikwambia likizo ni raha? Likizo ni raha kwa mwenye watu. Gaspar Komba, Mngoni wa Peramiho, alipewa likizo asiyoiomba, mwezi wa kwanza, joto la Dar es Salaam limeshika kwelikweli, na ikamkuta hana hata mtu wa kugombana naye. Kiwanda cha sabuni alikoajiriwa kilikuwa kimeuzwa. Enzi hizo kila kitu kilikuwa kinauzwa. Tajiri mpya akasema mitambo ifungwe kwanza, watu wakapumzike, wataitwa. Wenzake wakaenda kupumzika kwa mama zao na wake zao. Gaspar, ambaye mji ulikuwa bado haujamzoea, akaenda kukaa juu ya kitanda chake Tandika, akaanza kutazama bati.

Chumba kilikuwa cha Bi Chausiku, mjane wa Kizaramo mwenye ulimi mkali na moyo wa huruma. Kufika saa tano asubuhi, mtu akibaki ndani ya chumba kile anaiva. Kwa hiyo Gaspar alitoka. Alikuwa na redio ya betri aliyoinunua kwa mshahara wake wa kwanza, akaifunga kamba ya katani, akaining'iniza begani, akazunguka nayo Temeke yote huku inaimba. Ndiyo iliyokuwa ndugu yake, ndiyo iliyokuwa mke wake. Washamba tulitembeaga hivyo, usicheke.

Na alivyozunguka, aliona mambo. Mji ule ulikuwa na hasira, jamani! Aliona mwanamke akimpasua mwenzake kichwa kwa ndoo kwenye foleni ya bomba. Aliona mgambo wakimvunja mkono muuza machungwa, machungwa yanabingirika, watu wanayaokota. Asubuhi moja, kwenye mtaro wa kuelekea Mtoni, akaona kijana amelala chali, ameungua, nyaya za tairi zimebaki shingoni. Mama mmoja akapita na kikapu chake. "Mwizi huyo," akasema, kisha akaenda zake kununua maandazi. Gaspar alitapika mpaka nyongo. Aliporudi nyumbani akamsimulia Bi Chausiku, naye bibi akaendelea kuchambua mchele.

"Mwanangu, hapa mjini usiye na watu ni sawa na kuku wa njiani," akamwambia. "Wakikushika, wanauliza swali moja tu: nani anamjua huyu? Akitokea wa kusema mie namjua, umepona. Asipotokea, ndiyo hivyo. Tafuta watu."

Tafuta watu! Utadhani wanauzwa gengeni. Gaspar alilala na maneno hayo yakimkwaruza kifuani. Aliogopa kufa kule, aokotwe mtaroni, mtu apite na kikapu chake.

Gaspar alimpata mtu kwenye rundo la viatu.

Alikuwa anapita sokoni Tandika, akasikia mchuuzi wa mitumba ananadi viatu kwa sauti ya kuzibua masikio, na katika sauti ile akasikia lafudhi ya Tabora. Akasimama. "We bwana, Mnyamwezi wewe?"

"Mnyamwezi kamili. Naitwa Mihayo. Kwani vipi?"

Gaspar aliinama, akachukua kiatu kimoja cha ngozi, akakitia kwapani, akaanza kuondoka. "Hiki changu. Babu yangu alimteka babu yako, akamwachia bila fidia. Nimekuja kuchukua deni."

Uso wa Mihayo ukafunguka. "Mwizi! Mwizi! Mngoni kaniibia! Mla panya huyo, mshikeni!" Wachuuzi wa meza za jirani walikuwa wameshanyanyuka na mbao mkononi. Mihayo akawapungia, machozi ya kicheko yakimtoka. "Kaeni chini nyie, ni mtani wangu huyu! Ee Mungu wangu, nimepata mtani Dar es Salaam!"

Wangoni na Wanyamwezi walipigana zamani, wakauana wakachoka, wakapatana. Tangu hapo ugomvi wao ni wa mdomo tu. Mtani akuibie, ucheke. Akutukane, ucheke zaidi. Ukifa, ndiye anayeingia kaburini mwako kabla yako, analala humo, anawatukana wafiwa, hatoki mpaka wamlipe, na usipopata wa kukufanyia hivyo umezikwa kama mbwa. Ndiyo heshima yenyewe, asiyeijua huwezi kumweleza akaelewa.

Basi likizo ikageuka. Kila siku Gaspar anakwenda sokoni, anaiba kiatu, anakimbia, Mihayo anapiga yowe la mwizi, soko zima linacheka. Mchana wanakula kwa Tekla, dada mkubwa wa Mihayo, mama lishe mnene wa maneno machache, anayempakulia Mngoni kwanza na ndugu yake baadaye. "Kula, mtani, usije ukasema kwenu tulikunyima." Gaspar alikula ugali ule na dagaa, akajiona na yeye ni mtu mwenye kwao.

"Ukifa wewe," Mihayo alikuwa akimwambia na mdomo umejaa, "nitalala kaburini mwako mpaka mama yako auze ng'ombe."

"Utatangulia wewe, mbeba pembe za ndovu. Nitalala humo mpaka uchelewe kuzikwa, unuke."

Tekla akawapiga wote wawili kwa mwiko.

Bi Chausiku ndiye aliyekunja uso alipohadithiwa mchezo ule. "Tanianeni mnavyotaka, hata sie Wazaramo tunataniana na hao Wanyamwezi. Lakini hilo neno la mwizi, Gaspar, liacheni. Neno hilo hapa mjini halitaniwi. Mzaha mzaha hutumbuka usaha."

"Shaka ondoa, mama. Tandika yote inamjua Mihayo."

"Haya," akasema bibi. "Mie nimesema."

Jumapili moja Mihayo akaja kumchukua. Alikuwa amevaa suruali ya kitambaa yenye pasi ya kukata vidole, na viatu vyeupe alivyowaficha wateja wiki nzima. "Leo tunakwenda Kinondoni. Kuna dansi la mchana, bendi nzima, magitaa ya kweli. Utakufa hujaona mji wewe, kila siku bati na redio."

Wakaenda. Walipotelemka Kinondoni, wakashika uchochoro nyuma ya soko. Jua linapiga utosini, na muziki unasikika kwa mbali. Gaspar alikuwa na redio yake begani, inasoma salamu za wasikilizaji. Mihayo alishindwa kuvumilia.

"Hivi, Mngoni, nani anaendaga dansini na redio? Unataka ukawafundishe wapiga magitaa?"

"Inakuhusu nini?"

"Inaniaibisha. Nimevaa viatu vyeupe mie. Kila siku wewe ndiye unayeiba, leo zamu yangu." Akaichopoa redio begani kwa Gaspar, kamba ikakatika, akatimua mbio, viatu vyeupe vikipiga vumbi, anacheka kwa sauti kubwa.

Raha iliyomjaa Gaspar moyoni siwezi kuieleza. Siku zote zile za kutazama bati, na sasa huyu hapa, mtu wake, anamkimbia na redio mchana kweupe katikati ya Dar es Salaam! Akatia viganja mdomoni akapaza sauti kwa nguvu zote alizopewa na Mungu.

"Mwiziii! Mnyamwezi mwizi! Mkamateniii!"

Lilimtoka kama lilivyozoea kumtoka Tandika. Tandika walimjua Mihayo. Kinondoni hakujuliwa hata na mbwa.

Milango ikafunguka. Loo, ilivyofunguka! Wiki ile majambazi walikuwa wamevunja nyumba mbili pale mtaani, wakamkata panga mzee wa watu, na hasira ile ilikuwa imelala na watu ndani, inangoja wa kumshukia. Seremala akatoka na ubao. Vijana wa kijiweni wakatoka na nondo. Mwanamke akatoka na mchi, khanga inamvuka, wala hakuijali. Mihayo aligeuka kumtazama Gaspar, bado anacheka, na tofali la kwanza likamkuta sikioni.

Alipiga magoti. Redio ikaanguka pembeni, haikuzimika. "Jamani," akasema, bado na kicheko kidogo usoni, "mie na yule ni..." Nondo ikamvunja mkono, ukalia kama kuni kavu. Hapo ndipo kicheko kikaisha, akapiga yowe.

Gaspar aliwafikia anahema. "Acheni! Acheni jamani! Nilikuwa natania! Mtani wangu huyo!"

"Nani wako?"

"Mtani! Mie Mngoni, yeye Mnyamwezi!"

Kijana wa fulana nyekundu, jasho linamchuruzika, akamtazama kama anatazama kichaa. "Makabila ya nini hapa? Umepiga kelele ya mwizi au hukupiga?"

"Nimepiga, lakini..."

"Redio ya nani?"

"Yangu."

"Basi!"

"Mwenye mali apige kwanza!" akalia seremala. Kumbe ndivyo walivyozoea kule: mwenye mali akishapiga na yeye, hawezi kwenda polisi kesho kusema hakuwemo. Walikuwa wameshampiga Mihayo mpaka jicho moja halionekani, na bado walitaka haki itendeke. Wakamtia Gaspar jiwe mkononi. Akaliachia. Kofi likamtua, akaona giza. Wakamtia tena. "Piga! Au na wewe mwenzake? Mlipanga wote? Leteni tairi mbili!"

Mihayo alikuwa chini, damu inamwingia kinywani, anamtazama kwa jicho lililobaki. "Mngoni," akasema taratibu, "waambie bwana."

Kitu kilichomshika Gaspar ni woga. Usikipambe, usikitafutie jina jingine. Alimwona yule kijana wa mtaroni na nyaya zake za shingoni, akajiona yeye. Mkono wake ukarusha jiwe. Alilenga chini, aapishwe hata leo, alilenga chini. Likamgonga Mihayo gotini. Jiwe dogo tu, halikumvunja kitu. Lakini Mihayo alilifunga lile jicho lake, na tangu hapo hakumwita tena mtu yeyote.

Wakashangilia. Wakamshukia Mihayo wote kwa pamoja, mbao, nondo, mchi, mateke, na kila pigo likatoa mlio wake. Ndipo Gaspar alipozinduka. Alijitupa katikati, akalala juu ya Mihayo, akamkumbatia. Nondo ikamkuta mdomoni, meno yakamwagika. Teke likamvunja ubavu. Akang'ata mguu wa mtu, akasikia nyama inaachia, wakamvuta kwa miguu yote miwili, uso wake unalima mchanga. "Mwenye mali kachanganyikiwa," akasikia wanasema. "Mwekeni kivulini."

Tairi lilipofika halikuwa na kazi. Mihayo alikuwa ameshakwenda. Kiatu kimoja cheupe kilikuwa mguuni, cha pili kimeshapata mwenyewe. Polisi wakaja na gari, wakapakia maiti kama gunia, wakauliza nani kaona, na mtaa mzima ukawa kipofu. Kijana wa fulana nyekundu akamletea Gaspar redio, ameipangusa vumbi. "Shika mali yako, braza. Mshukuru Mungu haijavunjika." Ilikuwa bado inasoma salamu.

Habari zilitangulia Tandika kabla yake. Alimkuta Tekla amelala kifudifudi mbele ya meko yake, wanawake wamemshika. Gaspar alikuwa amekuja na sentensi moja kinywani tangu Kinondoni, ameibeba njia nzima: ni mie, dada, ni mie niliyempigia kelele. Tekla akainua uso. Akaona midomo iliyopasuka, akaona mapengo, akaona shati limeganda damu.

"Na wewe," akasema. "Umepigwa ukimtetea ndugu yangu." Akamvuta kifuani kwake, akamlilia begani. "Una moyo, mtani. Wewe si mtani tena, wewe umezaliwa kwetu."

Ungesema wewe? Sema kweli. Mtu aliyekuwa hana mtu, anakumbatiwa mbele ya kadamnasi anaambiwa umezaliwa kwetu. Sentensi ile ikarudi tumboni.

Lakini jina la Mihayo lilikuwa limeshachafuka. Mihayo kauawa kwa wizi, ndiyo habari iliyokuwa inazunguka soko. Wale wale waliokuwa wanacheka kila siku wakakumbuka kwamba kumbe alikuwa anaficha viatu vizuri, kumbe alikuwa na mkono mwepesi. Mama lishe wa pembeni akahamisha meko yake. Matanga yakawa na mkeka mtupu, maana nani anakwenda kulilia mwizi? Wateja wa Tekla wakapita kando. Gaspar alimsikia Tekla akimwambia Bi Chausiku, "Mama, mie nimemlea mwenyewe. Kama alikuwa anaiba, mbona sikujua? Nimelea nini mie?"

Bi Chausiku alikuwa amekuja na mchele wake na khanga nyeusi. Alimtazama Gaspar muda mrefu. "Redio yako i wapi siku hizi?" akamuuliza. Gaspar akainamisha kichwa. Bibi akaupeleka mchele wake mekoni.

Siku ya maziko wakaja Wanyamwezi wachache wa bandarini na wa Pugu, waliosikia tu kwamba wa kwao amekufa mjini. Kaburi lilikuwa tayari, makaburini Temeke, udongo mwekundu umerundikwa pembeni. Mzee mmoja mwenye ndevu akauliza, "Jamani, tutamzika mtoto wa watu hivihivi? Hapa hakuna mtani? Hakuna hata Mngoni?"

"Yupo," Tekla akasema, na kwa mara ya kwanza uso wake ukalegea kidogo. "Mngoni wake yupo. Alimwahidi."

Gaspar alitaka kukimbia. Mikono ikamsukuma, mikono ya furaha, ya watu waliochoka kulia, ikamtelemsha shimoni. Akalala chali. Ubavu uliovunjika ukamchoma. Juu aliona kipande cha mbingu na nyuso zimeinama zinangoja kuchekeshwa. Jeneza lilikuwa pale ukingoni.

"Haya, Mngoni! Tutukane!"

"Sitoki," Gaspar akasema. Wakacheka. Alianza vizuri.

"Huyu maiti si mwizi," akasema. "Alikuwa hajaiba kitu. Redio ilikuwa yangu, aliichukua tunacheza. Ni mie niliyemwita mwizi. Mie hapa! Nimeita kwa mdomo huu!"

Wakapasuka kucheka. "Umemsikia Mngoni! Amemuua yeye!" Mzee mwenye ndevu akajipiga paja. "Ndiyo zao, tangu enzi za babu! Wauaji wakubwa!"

"Nawaambia kweli jamani! Waliniambia mwenye mali apige kwanza, nikampiga. Nikampiga jiwe la goti, ananitazama!" Alikuwa analia sasa, kamasi na damu ya ufizi vinamchuruzika, na jinsi alivyolia ndivyo walivyozidi kucheka, maana mtani mzuri hulia hivyo. Sarafu zikaanza kumwangukia kifuani. "Lipeni, lipeni, huyu Mngoni anajua kazi!"

Tekla hakucheka. Alisogea mpaka ukingoni, akapiga magoti, akamtazama. Yeye ndiye aliyemwosha ndugu yake. Alikuwa ameliona goti moja lina alama ya jiwe.

"Goti gani?" akauliza, polepole.

"La kushoto, dada."

Tekla akainuka. Akaokota bonge la udongo mwekundu, zito, akalishika kwa mikono miwili.

"Ee!" mzee akashangilia. "Mwenye msiba apige kwanza!"

Likamtua Gaspar mdomoni. La pili likamtua jichoni. Watu wakashangilia, wanawake wakapiga vigelegele, kila mtu akaokota la kwake. Mpigeni Mngoni! Mfukieni huyo! Mabonge yakamnyeshea, mengine yana mawe ndani, yakampasua paji la uso, yakamgonga ubavu ule ule, na juu yake vicheko vimejaa. Gaspar hakujikinga uso. Alikuwa na watu sasa, kaburi zima limezungukwa na watu, na mmoja tu kati yao hakuwa anacheza. Huyo alipiga kwa nguvu zake zote.

Kisha akaacha. Wengine wakaacha nao, wanahema, wanafuta machozi ya kicheko.

"Mtoeni," Tekla akasema. "Mdogo wangu anataka kulala."